Printa Imegoma: Tuanze na Swali Kabla ya Bisibisi

Leo siandiki juu ya siasa za nyumbani wala ugumu wa kupata visa, mambo ambayo tumeshayasema mpaka yamechacha. Naandika juu ya printa. Ndiyo, printa, lile dude la kwenye kona ya sebule ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka siku linapogoma.

Nina hoja moja tu, na naiweka mezani mapema ili mwenye haraka asilazimike kufika mwisho. Wengi wetu tunaosoma huku nje, hasa sisi wa uhandisi, tunajua kurekebisha vitu lakini hatujui kuuliza. Tunakamata bisibisi kabla ya kuuliza swali hata moja, na kwa pupa hiyo tunaharibu vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Ushahidi ninao, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe.

Naishi Al-Rawdah, mashariki mwa Riyadh. Wenzetu wa Jeddah nao wana Al-Rawdah yao, karibu kilomita 950 kutoka hapa, kwa hiyo ukisema tu "nakaa Rawdah" lazima uongeze jina la mji. Rawdah kwa Kiarabu ni bustani, ingawa mtaani kwetu bustani kubwa ni ile ya vumbi. Tuko watano katika fleti moja: Watanzania watatu, Mkenya na Mganda. Mkubwa wetu ni Mzanzibari anayesomea lugha ya Kiarabu, na wote tunamwita Maalim. Printa tuliinunua kwa mchango, ya wino, yenye skana juu, ya kuunganishwa kwa Wi-Fi. Mmoja wa waliochanga ameshamaliza masomo na kurudi Kampala, akatuachia sehemu yake kama wasia.

Ilikuwa usiku wa Alhamisi moja mwaka jana. Mwenzetu mmoja, mtu wa Muheza, alifiwa na baba yake miezi michache kabla. Jumapili inayofuata ukoo ulikuwa unakaa kikao cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, ili jina lipelekwe Mahakama ya Mwanzo. Yeye ndiye mtoto mkubwa wa kiume. Wazee walitaka barua yake, yenye sahihi yake kwa wino, kwamba anaridhia dada yake awe msimamizi. Picha ya simu walishaikataa, na sababu yao ilikuwa nzuri tu: penye mashamba na ndugu wengi, kila mtu anataka kuona karatasi. Kwa bahati kulikuwa na jamaa yetu anayerudi Dar kwa ndege ya Ijumaa asubuhi, na angepita kuchukua barua mara baada ya alfajiri.

Kwa mnaokaa nchi nyingine, ni vizuri mjue kwamba Riyadh Ijumaa asubuhi imelala. Tangu 2013 mapumziko ya wiki hapa ni Ijumaa na Jumamosi. Maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi huitwa maktaba (usiingie ukaulizia kitabu cha kuazima), na ya mtaani kwetu hayafunguliwi Ijumaa mpaka baada ya swala, jua likiwa limeanza kushuka. Mwenzetu alikuwa amekaa na barua ile tangu Jumatatu, anaandika, anafuta, si unajua barua za mambo ya marehemu zinavyokuwa nzito. Alipomaliza ilikuwa saa saba usiku. Akabonyeza kuchapa. Kompyuta ikamwambia printa haipatikani.

Akaja kunigongea mlango. Kwani angemgongea nani mwingine? Mimi ndiye mhandisi wa nyumba, miaka 30, niko kwenye uzamivu wa uhandisi wa umeme, na utafiti wangu, tafadhali msicheke, ni wa kutambua hitilafu kwenye mota za umeme kabla hazijaungua. Nikamwambia, "Tulia kaka, hii ni kazi ya dakika tano."

Wiki mbili nyuma printa hiyo hiyo ilikuwa inatoa mistari myeupe, nikaisafisha kichwa cha kuchapia ikapona. Kwa hiyo kichwani mwangu ugonjwa ulikuwa umeshajulikana: hewa kavu ya Riyadh, wino umegandia kwenye matundu. Sikusoma hata maneno yaliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta vizuri. Nikaiamuru printa ijisafishe. Kimya. Nikaisafisha tena. Nikazima, nikawasha. Nikatoa katriji, nikafuta sehemu za shaba kwa pamba, nikarudisha. Nikafuta programu ya printa kwenye kompyuta ya mwenzangu, nikaiweka upya. Nikasafisha mara ya tatu, na ya nne. Jambo moja likishindikana nilifanya mengine mawili kwa mpigo, mpaka nikawa sijui kipi nimegusa na kipi sijagusa. Mwisho bisibisi ikatoka, nikafungua kifuniko cha nyuma. Mwenzetu wa Muheza alikuwa amekaa kwenye zulia, ananitazama kama watu wanavyomtazama daktari mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Kwenye saa nane na nusu Maalim akatoka chumbani kwake kwenda kutia udhu. Akatukuta na vipande vya plastiki sakafuni. Hajui volti wala ampea, lakini akauliza, "Kwani jana yule bwana wa intaneti alikuja kufanya nini?"

Jamani, nilitamani sakafu ipasuke nidumbukie. Jumatano fundi wa intaneti alikuja akabadilisha ruta. Ruta mpya, jina jipya la mtandao, nywila mpya. Sote watano tuliingiza nywila mpya kwenye simu na kompyuta zetu siku hiyo hiyo, maana nani atalala bila mtandao? Printa hakuna aliyeikumbuka. Masikini ya Mungu ilikuwa nzima kabisa, imekaa pale kwenye kona inautafuta mtandao ambao haupo tena.

Nikafunga skrubu, nikaipa jina na nywila ya mtandao mpya. Kazi ya dakika mbili. Kompyuta ikaiona. Mwenzetu akabonyeza. Printa ikaguna kidogo, kisha ikawasha taa mbili nyekundu zikipepesa kwa zamu, na ujumbe ukaja kwamba sifongo ya wino mchafu imejaa na mashine ipelekwe kwa fundi.

Hapa naomba nifafanue kidogo, maana wengi hawajui. Kila printa ya wino inapojisafisha, wino haupotei hewani. Unanyonywa kupitia matundu na kumwagwa kwenye sifongo iliyofichwa chini ya mashine. Printa nyingi za nyumbani hazipimi kama sifongo imejaa kweli. Zina kihesabu tu kinachoongezeka kila zinapojisafisha. Kihesabu kikifika mwisho, mashine inajifunga yenyewe, hata kama katriji ni mpya. Yetu ilikuwa na umri, imebakiza kidogo kufika huko. Ile kidogo niliimaliza mimi usiku ule kwa kutibu ugonjwa ambao haikuwa nao.

Kwa hiyo saa tisa usiku tulikuwa na printa iliyounganishwa vizuri kabisa kwenye mtandao na isiyoweza kuchapa hata nukta. Nilikosa la kumwambia mwenzangu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema tu, "Basi, Mungu atajaalia," akaanza kukunja waya wa kompyuta yake.

Maalim akauliza swali la pili. "Kwani wazee wamesema barua lazima itoke kwenye mashine? Kalamu nayo imeharibika?"

Wazee walitaka barua na sahihi. Habari ya kuchapa tuliiongeza wenyewe, kwa sababu sisi wasomi tumezoea kwamba kitu rasmi lazima kiwe kimechapwa. Mwenzetu akachukua karatasi nyeupe mbili kutoka kwenye trei ya ile ile printa mgonjwa, akainakili barua yake yote kwa mkono, taratibu, mpaka adhana ya alfajiri ikamkuta anatia sahihi. Jamaa wa Dar akapita, akaiweka ndani ya begi la mkononi. Jumapili kikao kikafanyika. Dada yake alituambia baadaye kwamba wazee wawili waliushika mwandiko ule wakasema huu ni wake, tunaujua tangu alipokuwa anawaandikia barua kutoka shule ya bweni. Kwa hiyo barua ya mkono iliaminika kuliko ambavyo ile ya mashine ingeaminika.

Mnaweza kusema yote yaliisha salama, sasa hoja iko wapi? Hoja ni kwamba yaliisha salama kwa sababu ya maswali mawili ya mtu asiyejua mashine, na yaliharibika kwa sababu ya vitendo kumi vya mtu anayezisomea. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mimi naona tatizo ni kubwa kuliko hilo. Tumefundishwa vibaya, na tukajifundisha vibaya zaidi. Mitihani yetu tangu shule ya msingi inampa maksi anayejibu haraka. Hakuna mtihani unaompa maksi anayeuliza vizuri. Ukifika ughaibuni na shahada mbili, unaona aibu kusema "ngoja kwanza, sijui." Nyumba nzima inakutazama. Unafanya kitu ili uonekane unafanya kitu.

Sasa nisiwe mtu wa kulalamika tu. Baada ya usiku ule nilikaa nikaandika utaratibu, na tangu hapo umetusaidia mara kadhaa. Nawapa kama ulivyo.

Swali la kwanza: nini kimebadilika? Kitu kilichofanya kazi juzi na leo hakifanyi, kuna jambo limetokea katikati. Ruta mpya, kompyuta mpya, nywila mpya, katriji mpya, mtu kahamisha meza, umeme ulikatika. Usiulize mashine, uliza watu wa nyumba, wote, hata yule asiyejua kompyuta. Wakati mwingine kilichobadilika hamkukifanya ninyi. Julai 2021 liligunduliwa tundu kubwa la usalama kwenye sehemu ya Windows inayoshughulikia uchapaji, na Septemba mwaka huo huo marekebisho yaliyotolewa yakafanya watu wengi washindwe kuchapa kwenye printa walizokuwa wakishirikiana kupitia mtandao wa ofisi au nyumba. Walilala printa zao nzima, wakaamka hazifanyi kazi, na hakuna bisibisi ambayo ingewasaidia.

Swali la pili: mashine ikiwa peke yake, inafanya kazi? Weka karatasi kwenye skana, bonyeza kitufe cha kutoa nakala, au itoe ukurasa wake wa majaribio bila kuhusisha kompyuta. Jaribio hili la nusu dakika linaligawa tatizo vipande viwili. Nakala ikitoka safi, mashine ni nzima, shida iko njiani au kwenye kompyuta, usiiguse mashine. Nakala isipotoka, kompyuta haina kosa, usiiguse kompyuta. Ningefanya hivi saa saba usiku, barua ingetoka saa saba na dakika tano.

Swali la tatu ni la njia: je, printa na kompyuta ziko kwenye mtandao mmoja? Printa nyingi za nyumbani husikia masafa ya gigahetzi 2.4 tu, wakati ruta mpya zinatangaza na ya 5, kwa hiyo simu inaona mtandao na printa haiuoni. Pia ruta inaweza kuipa printa anwani mpya, na kompyuta ikabaki inaita kwenye ile ya zamani, kama mtu anayegonga mlango wa mpangaji aliyehama. Dawa rahisi kuliko zote mkibadilishiwa ruta ni kuipa mpya jina na nywila ile ile ya zamani. Mara nyingi vifaa vyote vitarudi vyenyewe. Mkikwama kabisa, chomeka waya wa USB, chapeni mnachotaka, mambo ya Wi-Fi mtayajadili kesho.

Swali la nne ni la kompyuta. Angalia foleni ya kazi za kuchapa. Mara nyingi kuna kazi moja ya wiki iliyopita imekwama mbele, na zote za nyuma zinaisubiri. Ifute. Angalia pia kama kompyuta haijachagua printa nyingine, maana zipo zinazojiamulia.

Mwisho kabisa ndipo tunaigusa mashine yenyewe: karatasi, wino, magurudumu ya mpira. Na hapa kila mji una ugonjwa wake. Riyadh ni kavu na ina vumbi. Printa ya wino isipotumika wiki mbili tatu wino hukauka kwenye matundu, kwa hiyo chapeni ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, ni nafuu kuliko kuisafisha. Vumbi nalo hukaa kwenye magurudumu, karatasi ikateleza. Kitambaa kisichotoa nyuzi, kimelowa kidogo, kinatosha. Rafiki yangu wa Al-Rawdah ya Jeddah hana shida hiyo. Yeye yuko pwani ya Bahari ya Shamu, hewa imejaa unyevu kama Tanga au Mombasa, karatasi zinavimba na kushikana, zinaingia mbili mbili na kukwama. Dawa yake ni kuhifadhi karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kuweka kwenye trei chache chache. Printa za aina moja, kwenye mitaa ya jina moja, na matibabu ni tofauti. Ndiyo maana ushauri wa "kaka mimi yangu niliisafisha ikapona" usiuchukue kichwa kichwa.

Na kuna ugonjwa mmoja wa Saudia ambao uliwahi kumtesa mgeni wetu. Alikuja na printa ya leza kutoka nyumbani, ya volti 220 hadi 240. Taa ikawaka, ikanguruma, ikatoa alama ya hitilafu, basi. Watu wakaanza kumwambia anunue tona mpya. Majengo mengi ya zamani hapa yana soketi za volti 127 pamoja na za 220. Mwaka 2010 serikali iliamua kuhamia hatua kwa hatua kwenye 230, lakini za zamani bado zipo ukutani. Printa ya leza huyeyusha unga wa tona kwenye karatasi kwa joto, na joto la hita hufuata mraba wa volti. Piga hesabu: 127 gawanya kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata kama asilimia 30 ya joto linalotakiwa. Mashine ilikuwa nzima, ila ilikuwa na njaa. Tukaihamishia soketi ya pili, ikafanya kazi. Safari ile, nashukuru, tuliuliza kwanza: imebadilika nini tangu Dar? Umeme.

Sheria ya kufunga yote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, jaribu, andika. Kusafisha kichwa kusizidi mara mbili, kisha acha ipumzike. Mashine ikipona baada ya vitendo vitano vya pamoja hujajifunza chochote, na ikifa hujui umeiua na nini.

Najua kuna atakayesema, "Bwana wee, printa siku hizi bei chee, nunua nyingine." Bei chee ni ya mashine. Watengenezaji wengi huuza mashine kwa bei ndogo na kurudisha faida kwenye katriji, kwa hiyo kila ukitupa printa unaingia upya kwenye mtego ule ule, na dude la zamani linaishia jalalani. Yetu hatukuitupa. Niliipeleka Batha, ule mtaa wa soko ambako wageni wa kila taifa hununua na kutengeneza, kwa fundi mmoja Mpakistani. Kabla hajaigusa aliuliza, "Umeisafisha mara ngapi?" Nikamwambia. Akacheka sana. Akabadilisha sifongo, akarudisha kihesabu sifuri kwa kompyuta yake, na mpaka leo inachapa.

Mwingine atasema kosa ni la watengenezaji wanaofunga mashine zao zisiulizike. Hapo nakubali nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya MIT kule Marekani, Richard Stallman alitaka kuongeza kwenye printa mpya ya Xerox jambo dogo tu, kwamba karatasi ikikwama mashine iwaarifu watumiaji. Ya zamani alishaifanyia hivyo. Hii mpya ilikuja bila programu yake ya asili, na mtu aliyekuwa nayo alikataa kumpa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na printa ile ni sababu mojawapo anayoitaja mwenyewe. Kwa hiyo ndiyo, tudai mashine zinazojieleza, na tukinunua tuchague zile ambazo sifongo yake unaweza kuibadilisha mwenyewe. Lakini yetu ile usiku haikunificha kitu. Ilisema haipatikani kwenye mtandao. Mimi ndiye sikusoma.

Sasa kwa nini napoteza kurasa za jarida letu kwa printa? Kwa sababu wengi wetu tutarudi nyumbani, na tutakachokabidhiwa hakitakuwa printa. Mwaka 2010 Robert Malkin na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha utafiti juu ya vifaa vya tiba vilivyoharibika katika hospitali 60 za nchi 11, Afrika ikiwemo. Vifaa karibu 2,500 vilikuwa havifanyi kazi. Wahandisi na wanafunzi wa uhandisi walijaribu kuvitengeneza kwa vitu vinavyopatikana pale pale, na 1,821 vikarudi kazini, yaani asilimia 72, bila kuagiza hata kipuri kimoja kutoka nje. Fikiria hapo. Karibu robo tatu ya mashine zilizokaa kwenye stoo za hospitali zikisubiri mfadhili zilikuwa zinamsubiri mtu wa kuzichunguza kwa utulivu. Ukiingia wodi ya watoto wachanga na pupa ile niliyokuwa nayo mimi Alhamisi usiku, hakuna kalamu na karatasi ya kukuokoa.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila nyumba ya wanafunzi wetu iwe na daftari la vifaa, la kawaida tu, lililofungwa kwa kamba kando ya ruta. Kila kinachobadilika kinaandikwa na tarehe: ruta mpya, katriji mpya, nywila, fundi kaja, umeme umekatika. Kila hitilafu inaandikwa: ilikuwaje, tuliuliza nini, tulijaribu nini, nini kilisaidia. Anayehamia anaanza kwa kulisoma. Na chama chetu, kila muhula, kitenge jioni moja watu walete vifaa vilivyogoma, tukae pamoja, na kwa nusu saa ya kwanza bisibisi zote ziwe kwenye sanduku. Maswali tu. Wasiosomea uhandisi wakaribishwe mbele, hasa wao.

Daftari letu la Al-Rawdah lina miezi kumi na mbili sasa. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi, kwa mkono wangu, tarehe ya ile Jumatano: "Ruta imebadilishwa. Printa haikuambiwa." Chini yake Maalim ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Naomba kutoa hoja.